Fani ya Rili

Rili yangu ya kuvulia ilikuwa imelazwa juu ya gazeti, imefunguliwa vipande thelathini na kitu, na aliyeifungua hakuwa fundi wa rili. Alikuwa fundi cherehani wa Shimoni, mzee niliyemwendea kwa sababu hapo kijijini sikumjua mwingine mwenye bisibisi ndogo kiasi kile na subira ya kuzitumia. Jana yake, nje ya Wasini, kolekole alikuwa amenikatia uzi katika mbio zake za kwanza, nami nilishika yakini kwamba gia imevunjika, maana nilisikia mkwaruzo na kuhisi kishindo mkononi. Mzee akaitoa gia kubwa, akaifuta kwa kitambaa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na hata alama. Akaendelea kufungua mpaka akafika kwenye kirola kidogo ambacho uzi hupinda kona juu yake kabla ya kulala kwenye bobini. Ndani mlikuwa na beringi ndogo kuliko kifungo cha shati, imeganda kwa kutu. Kwa kuwa kirola hakikuzunguka, uzi ulikuwa umekichimba mfereji kama kamba inavyochimba ukingo wa kisima, na kingo za mfereji huo ndizo zilizoukata.

"Mwanangu," akasema, "jumba la mawe, mlango wa makuti."

Tangu siku ile nazisoma rili kama tulivyofundishwa darasani kusoma ushairi: fani kwanza, kisha maudhui, kisha namna fani inavyoyabeba maudhui au kuyaangusha. Sanduku la ile rili lilikuwa na maandishi mengi. Lilitaja idadi ya beringi, kilo za breki, uwiano wa gia, na kila tarakimu ilikuwa kweli. Hakuna hata moja iliyonieleza habari za mlango wa makuti. Uimara wa chombo hiki umo katika njia ambayo mzigo unaifuata kutoka kwenye uzi hadi kwenye kiganja cha mvuvi, na njia hiyo haichapishwi kwenye sanduku. Inabidi kuisoma kwenye umbo lenyewe.

Nianze na maudhui, kwa kuwa hapa yanaamuru. Kolekole mkubwa alipewa jina la kisayansi Caranx ignobilis na Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus aliyekusanya samaki wa Bahari ya Shamu na kufia Yemen mwaka 1763. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1775. Ignobilis maana yake ni asiye mtukufu. Aliyemwona samaki huyu akipanda juu ya mwamba alfajiri, mgongo nje ya maji, akiwasukuma vibua mbele yake kama mchungaji asiye na huruma, hawezi kukubaliana na jina hilo. Mkubwa kuliko wote aliyevuliwa kwa ufito na kuandikwa katika rekodi za dunia alikuwa na kilo 72.8, akapatikana katika visiwa vya Tokara, kusini mwa Japani, mwaka 2006. Kwetu, kuanzia mkondo wa Pemba hadi Mafia na Fungu Mbaraka, wa kilo 20 au 30 anatosha kumvua mtu heshima yake.

Huvuliwa kwa chambo bandia kinachoitwa popa, kipande cha mti au plastiki ngumu kirefu kama kiganja na zaidi, chenye gramu 100 hadi 200, na uso uliochimbwa kama kikombe ili kikivutwa kipige maji na kutoa mlio. Mvuvi anasimama mbele ya boti, anakirusha mita 50 au 60 mpaka kwenye povu la mwamba, anakivuta kwa mivuto mirefu, anakunja, anarusha tena. Siku nzima hufanya hivyo mara mia mbili na zaidi. Kisha, mara moja, maji yanapasuka. Samaki akishashika hageuki kwenda bahari kuu. Anarudi kwenye mawe aliyoyazoea, na uzi ukigusa jiwe umekwisha. Mvuvi ana mita chache tu za kumzuia.

Mgogoro wa kazi hii ndio huo. Chombo kimoja kinatakiwa kuuachia uzi wote bila kizuizi hata kidogo, na punde baadaye, chombo hicho hicho kiuzuie kama nanga. Kila rili inayofaa ni jibu kwa mgogoro huo, na majibu yamekuwa mawili.

Jibu la kwanza ni la zamani. Bobini inalala kukingama ufito na kuzunguka yenyewe uzi unapotoka, kama gurudumu la waya kwenye gari la mafundi wa simu. Mzigo unapita katika mstari ulionyooka, kwani gia zinalala sambamba, ekseli ya bobini imeshikwa pande zote mbili, na nguvu ya samaki haipindi kona hata moja. Kwa kuzuia na kuvuta hakuna umbo bora kuliko hili. Tabu yake ni kurusha. Bobini ina uzito, na uzito huo ukishaanza kuzunguka hautaki kusimama. Chambo kikipunguza mwendo hewani na bobini isipunguze, uzi unajaa ndani yake na kufanya fundo ambalo mtu aweza kulikalia asubuhi nzima.

Jibu la pili liligeuza tatizo upande. Mwaka 1884 Peter Malloch wa Perth, Uskoti, alitengeneza rili ambayo bobini yake hugeuzwa ikaelekea mbele wakati wa kurusha, uzi ukachomoka ubavuni, kisha ikarudishwa ili kukunja. Mwaka 1905 Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo vya Bradford, akaimaliza fikra hiyo. Bobini yake ilitulia daima ikielekea mbele, na mkono mdogo ndio uliozunguka kuuzungushia uzi. Alikuwa ameishi kati ya mashine ambazo ndani yake uzi huchomoka kwenye bobini zilizosimama kwa kasi isiyosemeka, bila bobini kuzunguka hata nukta. Basi yule mzee wa Shimoni aliposhika bobini yangu na kuiita jina lile lile analoita ya cherehani yake, alikuwa amegusa chimbuko halisi.

Jibu la Illingworth linarusha kwa urahisi wa ajabu na linazuia kwa taabu. Uzi unaoingia ukielekea mbele-nyuma sharti upinde kona ya nyuzi 90 juu ya kirola ili ulale kwenye bobini, na nguvu ya mkono wa mvuvi sharti ipinde kona nyingine ya nyuzi 90 ndani ya bodi ili izungushe rota. Kona mbili, na kila kona ni mahali mzigo unapotaka kutoroka. Historia nzima ya rili imara za aina hii ni juhudi ya kuzilinda kona hizo.

Inasaidia pia kujua nani walizitengeneza. Katika Svängsta, kusini mwa Uswidi, kampuni ya AB Urfabriken ilianzishwa mwaka 1921. Jina lake maana yake ni kiwanda cha saa, na kifupi chake, Abu, ndicho kilichoandikwa baadaye kwenye rili za Ambassadeur, zile nyekundu zilizotoka miaka ya 1950. Rili za Mitchell za Ufaransa nazo zilitoka Cluses, mji wa milimani uliolelewa na ufundi wa saa. Mwaka ule ule wa 1921, huko Sakai karibu na Osaka, mji uliosifika kwa visu, Shozaburo Shimano alifungua karakana yake na bidhaa yake ya kwanza ikawa friwili ya baiskeli: kile kifaa kinachokubali kuzunguka upande mmoja na kukataa upande wa pili. Rili ya leo inabeba urithi huo wote waziwazi. Usahihi wake ni wa saa. Kile kinachoizuia rota isirudi nyuma samaki akivuta ni ndugu wa friwili. Upande mwingine wa ukoo, ulio mzito wa mikono, ni wa watu kama Otto Henze, mhamiaji wa Kijerumani aliyeanzisha Penn huko Philadelphia mwaka 1932, ambao walifikiria bahari, chumvi na mikono isiyo na muda wa kupembeleza chombo.

Aina ya kwanza, ile ya bobini inayozunguka, bado ina ufalme wake. Kwenye maziwa ya Wisconsin na Minnesota wavuvi wa maski, samaki wa maji baridi mwenye mdomo kama wa mamba, hurusha vyambo vizito vya gramu 200 na zaidi kwa rili za ukoo wa Ambassadeur. Wao wenyewe humwita samaki wao wa kurushiwa mara elfu kumi. Kwao neno uimara lina maana tofauti na yetu. Maji hayana chumvi, na samaki akishashika hapigani kwa muda mrefu. Kinachoiua rili ni kurudia. Ni ile mitupo isiyohesabika, na vyambo vyenye mabamba makubwa yanayozunguka majini na kuvuta kama ndoo, siku baada ya siku, bila samaki. Gia zao hulika polepole. Zetu huharibika kwa kishindo cha nukta moja, au kwa chumvi ya usiku mmoja. Anayenunua rili kwa sifa iliyopatikana kwenye maji mengine ananunua jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Sasa niisome moja kwa ukaribu, rili ya bobini iliyotulia, ya ukubwa wa kolekole.

Macho yaanze kwenye mguu, sehemu inayofungwa chini ya ufito, na shina linaloushusha mguu hadi kwenye bodi. Watu wengi huruka hapa kama msomaji anayeruka ubeti wa ufunguzi ili afike kwenye kisa. Lakini nguvu yote ya samaki inapita katika shina hili, na inapita kama upinde unaokunjwa, kwa kuwa uzi uko mbali na ufito. Shina refu na jembamba hufanya rili ionekane ya kisasa na humwachia mvuvi nafasi ya vidole. Shina fupi, nene mahali linapoungana na bodi, lenye mviringo badala ya kona kali kwenye maungio, ndilo linalobeba. Kona kali ndani ya chuma ni mahali pa ufa kuanzia. Dukani hufanya hivi: naikaza breki mpaka mwisho, naishika rota isizunguke, kisha nasukuma mkono wa kukunjia kwa nguvu huku nikitazama pengo kati ya rota na bodi. Pengo likibadilika, bodi inapinda. Bodi ikipinda, gia zilizo ndani zinaachana kwa nywele moja au mbili, na meno yanashikana kwa ncha badala ya kushikana kwa tumbo. Siku hiyo hakuna kinachovunjika. Kitavunjika baada ya mwaka, na mwenye rili atalaumu gia.

Kwa hiyo bodi ya chuma, aluminiamu iliyochongwa au kumiminwa, naitanguliza mbele ya plastiki yoyote yenye nyuzi za kaboni kwa kazi hii, ingawa nakubali kwamba plastiki hizo hazili kutu na zinapumzisha mkono. Wepesi ni fadhila kwa anayevua tasi. Kwa anayemzuia kolekole asiingie maweni, fadhila ni kutopinda.

Kisha upinde, ule waya unaofunguliwa kabla ya kurusha na kujifunga mtu akianza kukunja. Ni sehemu ya starehe, na starehe ina bei yake. Chambo cha gramu 150 kikirushwa kwa nguvu zote na upinde ukajifunga katikati ya mrusho, kwa mtikisiko tu, uzi hukatika kama umepigwa kisu na chambo kinakwenda zake peke yake. Ndiyo sababu wavuvi wa ufukweni Marekani waliipenda Penn 706, ambayo haikuwa na upinde kabisa. Mvuvi aliuchukua uzi kwa kidole na kuuweka mwenyewe juu ya kirola. Ndani yake gia ilikuwa ya mtindo wa skrubu na gurudumu, ya polepole, yenye meno yanayoteleza badala ya kugongana. Rili za Van Staal nazo zilipotoka katika miaka ya 1990 ziliendeleza wazo hilo la kuondoa upinde, zikaongeza bodi iliyofungwa maji yasiingie. Huu ni uhariri wa kweli, na mwandishi yeyote anaujua. Neno linaloweza kusaliti sentensi huondolewa hata kama lilikuwa linapendeza. Mimi bado natumia upinde, ila naufunga kwa mkono kila mara, na ninaponunua nachagua uliotengenezwa kwa waya mnene wa mwili mmoja, usio na ukingo kati yake na kirola ambapo uzi wa kusukwa unaweza kujificha.

Kuhusu kirola nimekwisha kusema nilipoeleza ya mzee wa Shimoni. Niongeze tu kwamba ndiyo sehemu inayopata maji ya chumvi kuliko zote, kwa kuwa kila mita ya uzi uliolowa hupita juu yake, na katika rili nyingi ndiyo yenye beringi ndogo kuliko zote. Nikipewa rili mpya, ndicho kitu cha kwanza ninachokifungua.

Mkono wa kukunjia nausoma haraka. Kuna mikono inayokunjwa kwa kubonyeza kitufe, mizuri kwa kusafiria, na kuna inayoingia kwenye gia kwa skrubu moja kwa moja. Ile ya kukunjwa ina kiungo kimoja zaidi, na kiungo hulegea. Kishikio kiwe cha duara, kikubwa, cha kushikwa na kiganja kizima, kwa sababu vidole viwili vilivyolowa mafuta ya samaki havishiki kitu.

Nikifika kwenye breki napunguza mwendo.

Mvuvi wa mshipi wa mkono anaijua breki kuliko mtu yeyote, kwa kuwa anayo vidoleni. Samaki akivuta sana anaachia kidogo, akichoka anakaza, na uzi ukimkata ngozi anajua amekosea kipimo. Rili za kwanza za bahari hazikuwa na cha kumsaidia zaidi ya hapo. Mwaka 1898, katika kisiwa cha Catalina, California, Charles Frederick Holder alimtoa jodari wa ratili 183 kwa rili isiyo na breki ya ndani. Mtu alikandamiza kipande cha ngozi juu ya uzi kwa kidole gumba, na mkono wa kukunjia ulizunguka kinyumenyume kila samaki alipokimbia, tayari kuvunja vidole vya aliyechelewa. Mwaka 1913, huko huko Catalina, William Boschen alimpata nduaro wa upanga mpana kwa rili yenye visahani vya msuguano ndani, vilivyokazwa kwa nati yenye umbo la nyota. Mkono haukuzunguka tena kinyume. Kidole gumba cha binadamu kilikuwa kimehamishiwa ndani ya chuma.

Mpaka leo breki ni visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kimoja kinashika bobini, kinachofuata kinashika ekseli, vikisuguana. Msuguano huzaa joto, na hapa hesabu ndogo inafundisha kuliko tangazo lolote. Breki ikiwekwa kilo 10 na samaki akachukua mita 100, nishati inayogeuka kuwa joto ni karibu jouli 9,800. Joto hilo lingeweza kupandisha maji ya kikombe kidogo cha kahawa, cha mililita 50, kwa nyuzi zaidi ya 45. Na lote linazalishwa ndani ya nafasi ndogo kuliko kiganja, katika muda wa pumzi chache. Visahani vya sufi iliyogandamizwa huungua, vikawa vigumu kama soli. Vya kaboni vilivyopakwa grisi yake maalumu huvumilia. Lakini hata kaboni inahitaji umbo la kuisaidia, yaani visahani vipana, vyenye eneo kubwa, vilivyokaa ndani ya bobini ya aluminiamu inayoweza kulinyonya joto na kulitawanya. Rili inaposifiwa kwa visahani vingi vidogo, mimi huuliza upana wake.

Rili kubwa za siku hizi hutangazwa kuwa na breki ya kilo 20 na zaidi. Tarakimu hiyo ni kweli na haina kazi. Hakuna mtu aliyesimama juu ya boti inayoyumba atakayezuia kilo 20 kwa muda wa maana. Wengi wetu tunaweka 8 hadi 12. Cha kutafuta ni namna breki inavyoanza. Msuguano wa kitu kilichotulia ni mkubwa kuliko wa kitu kinachosogea, hivyo breki mbaya hukataa, hukataa, kisha huachia kwa kuruka, na mruko huo ndio unaokata uzi au kunyoosha ndoana. Breki njema huanza kutoa uzi kana kwamba ilikuwa inatoa tangu zamani. Naipima kwa kufunga uzi kwenye mzani wa samaki na kuvuta polepole, mara kumi, nikitazama mshale. Ukipanda na kutulia, vema. Ukicheza, naiacha rili pale pale kaunta.

Kuna jambo lingine ambalo umbo la bobini linalificha. Breki ikikazwa haibadiliki, ila uzi unaposhuka kwenye bobini, mvuto unaongezeka, kwa sababu samaki anavuta kutoka karibu zaidi na kitovu. Bobini iliyojaa yenye nusu kipenyo cha milimita 36 ikishuka hadi 27, kilo 10 zimekuwa 13 na ushei bila mtu kugusa kitu. Ndiyo maana bobini pana yenye kina kifupi ni bora kuliko nyembamba yenye kina kirefu, hata kama zote mbili zinabeba mita zile zile za uzi. Ile pana inashuka kidogo kwa kila mita inayotoka. Pia inarusha mbali zaidi, maana uzi unaruka ukingo mdogo. Mara chache sana umbo moja hutimiza matakwa ya pande zote mbili za mgogoro, na ninapoiona bobini ya namna hii natulia kama anayekutana na ubeti ambao vina vya kati na vya mwisho vimekaa bila kulazimishwa.

Uwiano wa gia ndiyo mizani ya chombo hiki, na wanunuzi wengi huchagua mizani kabla ya kujua wataimba nini. Uwiano wa zaidi ya 6 kwa 1 kwenye bobini ya ukubwa huo huleta karibu mita 1.3 za uzi kwa kila mzunguko wa mkono. Kwa popa ni jambo la lazima. Ukishavuta ufito kwa nguvu, uzi unalegea, na kolekole akiwa nyuma ya chambo hapana muda wa kuzunguka mara tatu. Lakini wepesi huo unalipwa kwa nguvu. Chukua mkono wa sentimita 7.5 na samaki anayevuta kilo 10; kwa uwiano wa 6 mvuvi angehitaji kusukuma karibu kilo 29, bila kuhesabu kinachopotea kwenye gia. Kwa uwiano wa 4.4 ni kilo 20 na kitu. Zote haziwezekani kwa kifundo cha mkono. Kwa hiyo hakuna anayemkunja kolekole. Samaki huinuliwa kwa ufito na mgongo, kisha ufito unaposhushwa rili huchukua uzi uliolegea. Aliyeelewa hili hataogopa uwiano wa kasi, na atajua kwamba rili inayozunguka kwa shida chini ya mzigo huenda haina kosa lolote. Ni yeye anayeitaka ifanye kazi ya kiuno.

Sehemu inayozuia rota isirudi nyuma, ule urithi wa friwili, siku hizi mara nyingi ni beringi ya vijiti inayoshika papo hapo bila kucheza. Ni tamu mkononi. Grisi ikiingia mahali pasipofaa, au maji, vijiti huteleza, na mkono hurudi nyuma kwa ghafla wakati ule ule ambao haukutakiwa. Rili ninazoziamini zimeweka pia jino la zamani la chuma nyuma yake, ambalo hucheza kidogo na halitelezi kamwe.

Nimeiacha chumvi mwisho kwa sababu ndiyo mhakiki mkali kuliko sote. Skrubu ya chuma cha pua ikiingizwa kwenye aluminiamu na maji ya bahari yakapata njia ya kupita kati yao, aluminiamu huliwa, ikawa unga mweupe, na skrubu haitoki tena. Watengenezaji wamejibu kwa sili za mpira kila mahali, na Daiwa kwa mafuta yanayoshikwa na sumaku katika pengo jembamba, ambayo yanazuia maji bila kuukwaza mzunguko. Ni kazi ya akili kubwa na naiheshimu. Lakini rili zilizofungwa namna hiyo zimeandikwa kwa ajili ya msomaji aliye karibu na karakana ya kampuni. Ukiyafungua mafuta yale nyumbani umeyapoteza. Anayevua Kilwa au Pate, anayesubiri kipuri kwa miezi, anahitaji rili ambayo skrubu zake zinaonekana, beringi zake ni za vipimo vya kawaida vinavyopatikana kwa wauza vipuri vya mashine, na ndani yake mnafunguka kwa bisibisi mbili na spana moja. Kwetu hapa kufunguka ni sehemu ya uimara. Najua wavuvi wenye uwezo watakaobishana nami juu ya hili, wenye rili zao za Stella zilizodumu miaka kumi bila kuguswa, na sikatai walichokiona. Mimi nazungumzia rili itakayoharibika, kwa kuwa kila rili huharibika, na nani atakuwepo siku hiyo.

Mtindo, kwa maana ya rangi ya dhahabu, nakshi na matundu ya urembo kwenye bobini, naupitia tu. Matundu hupunguza uzito. Pia huingiza maji.

Yule mzee alitafuta kwenye kopo lake la vifungo na sindano zilizovunjika akapata pete ndogo ya shaba, akaisugua kwa msasa hadi ikaingia ndani ya kirola mahali pa ile beringi. Haikuzunguka vizuri kama beringi. Ilizunguka, nayo shaba haingeganda kwa kutu. Akapaka grisi ya cherehani, akarudisha vipande vyote kwa mpangilio aliovilaza navyo juu ya gazeti, kimoja baada ya kimoja, hakikubaki hata kimoja. Breki hakuigusa.

Siku ya tatu tulitoka saa kumi na moja alfajiri, maji yakianza kujaa, bahari tulivu kama inavyokuwa matlai yakipoa. Mrusho wa nne au wa tano, maji yakapasuka kwenye ukingo wa mwamba na uzi ukaanza kutoka. Nahodha akarudisha boti nyuma taratibu kutuondoa kwenye mawe. Kirola kilikuwa kinalia mlio mwembamba wa shaba ambao sikuwahi kuusikia kwenye rili hiyo, mfululizo, bila kukatika, na uzi ulikuwa unapita juu yake ukiwa mzima. Samaki aliposimama nikaweka kidole kwenye ukingo wa bobini. Ilikuwa ya moto.